Chumvi, Chumvi, Mkate

Chumvi, chumvi, mkate.
Mbili, mbili, tatu. Hesabuni kwa viganja,
si kwa mdomo; mdomo una haraka ya kufika.
Darasa letu liko juu ya duka la baiskeli, Smolyan,
theluji imeziba dirisha hadi nusu
na jiko la kuni linakohoa kunishinda mimi.

Kinanda tumekirithi kutoka kiwanda cha nyuzi kilichofungwa:
meno yana rangi ya chai,
na fa ya katikati ni bubu.
Ukiigonga, wasikia ubao tu.

Kalina aliudaka mdundo siku ya kwanza
kama mtu aliyeokota sarafu yake mwenyewe.
Yavor akamwiga. Wengine wakamwiga Yavor.
Ognyan peke yake alipiga mbili, mbili, mbili,
akaukata mkate ulingane na chumvi.
Mbona haviishi sawa, Mwalimu?
Haviishi sawa, nikamwambia, ndiyo maana watu huinuka kucheza.
Hakuniamini. Nami, kusema kweli,
wiki ile nilimfokea mara mbili.

Jumanne akachelewa.
Tulimsikia ngazini kabla hatujamwona,
ndani ya viatu vya kaka yake:
hatua, hatua, halafu anasita kukivuta kimoja kisimtoke;
hatua, hatua, kuvuuta.
Mikono ya wenzake ikaanza bila amri.
Alipofungua mlango
alikuta darasa zima linapiga miguu yake.
Usivue, nikasema. Zunguka chumba.
Akazunguka, masikio mekundu,
kisha akazunguka tena bila kuambiwa.

Lahani ni kazi nyingine.
Hiyo naichora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo:
panda, panda, tulia, teremka.
Tukifika kwenye fa, kinanda kinanyamaza,
na watoto wanaliziba shimo kwa koo zao.
Hapo ndipo nilipomjua anayesikia
na anayefuata mkia wa mwenzake.

Theluji ilipoyeyuka akaja fundi kutoka Plovdiv,
na koleo, na kipande cha sufi, na bei.
Fa ikasema. Safi kabisa. Ya mgeni.
Ognyan akaikunjia uso:
Siyo hiyo. Yetu ilikuwa chini kidogo.

Fundi akanitazama. Nikamlipa.
Tangu siku ile, tukifika pale,
nainua kidole changu
nawaachia.