Mate Kwenye Kifuniko

Mwalo wa Kayenze, Jumatatu. Dagaa wameanikwa
hadi mlangoni pa zahanati.
Nimeshika kikasha kipya, vikombe vidogo kama vya dawa ya kikohozi,
nikasema: leo hakuna sindano. Tema humu,
tukae dakika ishirini, mate yatasema kama ni malaria.

Hakuna aliyetema.

Miaka kumi na mmoja nachoma vidole vya kijiji hiki.
Nawajua kwa vidole:
cha Lugwisha kigumu kwa kamba za nyavu,
cha Nyanjige kinanuka dagaa hata baada ya sabuni,
cha mwanawe Kabula sikijui vizuri, maana hufumba ngumi
akalia hadi kisiwani Bezi wakasikia.
Miaka yote walininung'unikia: damu zetu unazipeleka wapi?
Leo siitaki damu, wananiuliza
kipimo gani hicho kisichouma.

"Na damu ni damu tu," akasema Lugwisha, "ikikauka imekwisha.
Mate ni mtu."

Ni kweli. Bibi yangu alinibariki kwa mate, hapa, kwenye paji,
na wapo ambao ukitema njiani
hurudi kuuchota ule mchanga.
Semina ya mjini, siku mbili, chai na maandazi,
haikutufundisha mate ya mtu
yakishasomwa yanalala wapi.

Basi nikatema mimi. Nikasubiri mbele yao.
Mstari mmoja. Nikabeba kila kitu, kikombe na mate yangu,
nikavichoma shimoni nyuma ya zahanati,
nao wakausindikiza moshi kwa macho
mpaka ukaishia ziwani.

Jioni akaja Nyanjige, Kabula mgongoni anachemka.
"Mpime mate. Halafu mchome.
Nataka vipimo vyote viwili vikae hapa mezani,
nione kipi kitamwogopa mwenzake."

Kabula alitema kwa fahari, kama anayemtemea adui.
Kwenye kidole tulimshika watu watatu.

Tukakaa. Wadudu wa ziwani walijaa kwenye taa,
wakaanguka mezani, nikawa nawapuliza.
Huku mistari miwili.
Kule mistari miwili.

Nyanjige hakushangilia. Alimfuta mwanawe machozi kwa ncha ya kanga,
akanigeukia:
"Sasa huku kumchoma kulikuwa kwa nini?"
Sikumkumbusha.

Sisemi wamekubali wote.
Minza alipata mstari mmoja, akanuna: homa anayo, baridi anayo,
mate yake mwenyewe yamemsaliti!
Akapitia duka la Masunga, akanunua dawa ya malaria.
Lugwisha akija hunyoosha kidole kabla sijamsalimu,
kama mtu anayelipa deni la zamani.
Namchoma. Kidole ni chake.

Lakini jana, nyuma ya vichanja,
nimemkuta Kabula na wenzake wamechuchumaa,
vifuniko vya soda vimepangwa mchangani,
wanatema, wanahesabu hadi ishirini
wakiiruka kumi na saba.
Mbuzi wa Lugwisha naye yumo kwenye foleni;
yeye hakulazimishwa, mate anadondosha mwenyewe.
"Huyu anayo," Kabula akatangaza. "Huyu hana. Huyu arudi kesho."
Akaniona. Akanisogezea kifuniko kilichobaki,
kimekunjika upande mmoja.

"Shangazi, bado wewe."

Nikainama.