Sentimita Mbili kwa Kilomita Moja

Stoo ya jiografia hatuiiti stoo,
tunaiita Ikulu, kwa sababu haifunguliwi.
Ufunguo unalala mfukoni mwa Mwalimu Chidawali
pamoja na chaki na kokwa za ubuyu.

Siku ya vitendo alitugawia ramani, moja kwa watu wanne,
karatasi kuukuu, gundi imekauka kwenye mikunjo.
"Msiegemee. Msikohoe juu yake.
Kontua zikibanana, hapo ni mlima.
Zikiachana, pumzi."
Pumzi hakusema. Hilo nimeongeza mimi.

Nyanjige wa Magu alitafuta ziwa, akakosa, akacheka:
"Mpwapwa yenu hii, mito yote imechorwa kwa nukta?"
Ni mito ya msimu, nikamwambia,
inakuja Desemba kama mjomba wa mjini,
kelele siku mbili, halafu inaondoka na mbuzi.

Kisha nikaiona Nzogole.
Haikuandikwa jina.
Miraba mitatu myeusi, midogo kama mavi ya panya,
na njia ya miguu, mkato mkato,
kutoka kwenye tembe la babu hadi kisimani,
imenyooka.

Nikaweka rula. Milimita nne.
Yaani mita mia mbili,
na mimi tangu nimeweza kubeba ndoo
nazunguka nusu saa,
kwa kuwa katikati pana korongo.

Mama anasema akiwa mdogo alilivuka kwa hatua moja,
maji kichwani, tone lisimwagike.
Kaka yangu Ndahani alilivuka kwa kuruka.
Mimi nilikuta watu wanashuka ndio wapande.
Mdogo wetu ameambiwa asilikaribie.
Hizo ndizo takwimu zetu za miaka arobaini.
Hazina jedwali.

Kitabuni lina jina la Kiingereza, fupi,
kama mtu aliyemeza kitu akanyamaza.
Tumekariri sababu zake:
kukata miti, mifugo kupita kiasi,
kulima kwa kufuata mteremko.

Sababu ya tatu ni babu.

Mtihani wa nusu muhula nilimshitaki,
hoja sita, mifano hai,
nikapata kumi na saba kwa ishirini.
Na uwele alioulima kwenye mteremko uleule
ndio ulionunua kalamu.
Hoja ya saba hiyo, sikuiandika.

Basi siku ile Mwalimu yuko mlangoni
anabishana bei na mtu wa kuni,
nikachukua penseli,
nikalichora korongo mahali pake,
meno madogo madogo huku na huku,
yakiitafuna njia katikati.
Nyanjige alisogeza bega kunikinga.

Jumatatu, paredi.
"Nani amechafua ramani ya serikali?"
Kimya. Kunguru mmoja kwenye mlingoti.
Nikajitoa mstarini, viatu vikinisaliti kwa vumbi.

Ndani ya Ikulu aliinua karatasi dirishani,
akaitazama muda mrefu kuliko anavyotazama majibu yetu.
"Upana?"
Hatua thelathini na moja, baada ya mvua za mwaka jana.
"Kina?"
Mbuzi akianguka, Mwalimu, kishindo unakisubiri kidogo.

Hakucheka. Akahesabu kwa midomo,
akatoa mfukoni ufutio, na kokwa ya ubuyu ikatoka nao,
ikabiringika mpaka chini ya kabati.
"Umelichora nene mno. Skeli hairuhusu.
Hatua zako hizo ni nusu milimita.
Futa. Chonga penseli. Rudia."

Nikachonga.
Nusu milimita: nywele tu, ufa wa kikombe.
Nilibana pumzi nikalipitisha,
na njia ya kisimani ikakatika vizuri, kitaalamu.

"Ehee," alisema.
Halafu akanipa fagio:
adhabu ya uwanja iko palepale.