Mizani

Karatasi ya shule inasema futi sita na inchi nne.
Nilimvua viatu, nikambandika ukutani
katika chumba kinachonuka soksi na dawa ya misuli,
nikamlaza rula utosini: sita na mbili,
na robo ya huruma.
Kocha Stumbaugh akatazama dari.
Nimezoea. Kila mji wa Alabama hurefusha wanawe.

Pauni mia mbili themanini na moja.
Mkono, toka bega hadi ncha ya kidole:
inchi thelathini na nne.
Hapo kalamu yangu ikaamka.
Kimo huongezwa kwa maneno, mkono hauongezeki,
na pale mbele, agusaye kwanza ndiye asemaye.

Jina, Kelvontae Pettway. Kumi na saba, hajatimiza.
Nafasi yake ni katikati ya safu ya ulinzi,
pale pa kusagwa, pasipofika kamera,
ambapo vijana wawili wenye uzito wa ndama
hukujia kwa pamoja, usiku kucha,
na asubuhi gazeti linamsifu mwingine.

Ijumaa. Taa nne uwanjani, moja mbovu.
Mpira sikuutazama. Mwaka wa ishirini na sita huu siutazami.
Nilitazama visigino vyake:
mpira ukitikisika tu, kisigino kimeshaaga.
Kisha wawili wakamvaa, akapiga goti moja chini,
akawa kisiki. Rundo likamwangukia,
mkimbiaji akaukuta mlango umefungwa.
Hesabu za mchezo hazikumpa kitu.
Mimi niliandika: *Hukubali kuzikwa ili wenzake wapate.*
Nikafuta. Ofisi haipendi mashairi.
Nikaandika: *Hushikilia nafasi. Alama saba.*

Kasoro zipo.
Akichoka husimama wima kama mlingoti.
Viganja vyake hutua mabegani badala ya kifuani.
Ana hila moja tu, ya kuzungukia kulia,
na robo ya nne hata mpiga tarumbeta aliijua.
Hayo hufundishika. Niliyaandika upesi,
kama mtu anayepita dukani asikodaiwa.

Mama yake, Bi Lorene, alinijia kwenye uzio
na alama ya kofia ya kiwanda cha kuku bado ikimzunguka paji.
Hakuuliza chuo kina nini.
"Wamekuja watatu kabla yako," alisema.
"Wote wamempima. Hakuna aliyeuliza
kwa nini nyumbani hushuka ngazi kinyumenyume."

Nilikuwa nimeuona mguu wa kushoto.
Nilikuwa nimeuona tangu robo ya pili,
nikauweka pembeni, kama mfupa wa samaki
unaousogeza kwa ulimi huku unaendelea kula.

Nikaketi garini na fomu mapajani.
Mizani ninayo, kila safu imejaa;
vina ndivyo vinavyokosekana,
vile vya kina.
Nikiliandika goti, simu haitalia kwa Bi Lorene.
Nisipoliandika, tutalitumia misimu miwili
kisha tutamrudishia mwanawe na cheti cha kushiriki.

Nikateremka. Taa zilikuwa zinazimwa moja moja.
Nikamwomba apande jukwaani hadi juu,
kisha ashuke akinitazama.
Alicheka. Alidhani ni kipimo kipya.
Akashuka, mikono mirefu ikining'inia,
viatu vikigonga bati, ta, ta, ta.
Kwenye ngazi ya tisa tabasamu lilibaki,
macho yakaondoka.

"Vipi, kocha?"
"Mkono mzuri," nikamwambia,
na nikaona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Goti nililiandika kwa wino.
Chini yake: *Mchukueni. Mtengenezeni kwanza, acheze baadaye.
Huyu hukubali kuzikwa ili wenzake wapate.*
Safari hii sikufuta.
Sijui kama kuna asomaye hadi chini.