Kiti Kisichokunjika

Wiki tatu nimelala Kitete, wodi ya wanaume,
chini, ubavuni mwa kitanda cha baba,
na kila alfajiri, kabla ya ndoo na dekio,
nimekunja mkeka, nimekunja khanga,
nimejikunja mwenyewe pembeni
toroli la dawa lipite.
Kwa hiyo msinifundishe mimi kukunja.

Baba alianguka na mzinga wa nyuki
kutoka juu ya mti wa mtundu,
mtu wa miaka sabini na moja.
Hogo likaanzia nyongani likaishia kwenye kifundo,
jeupe, gumu, tarehe imeandikwa pajani.
Siku ya ruhusa kaka akapiga simu yuko njiani:
"Msikodi kitu. Nakuja na la kwangu."

Likaja. Jeusi, refu kama hukumu,
walinzi wa geti wakafungua bila kuuliza.
Ndani ngozi tupu, rangi ya mtindi.
Tukamwinua baba: mimi kwapani,
Nesi Kalunde kiunoni,
Mihayo mguuni, ameushika
kama mtu aliyeshikishwa bomba la jirani.

Kiwiliwili kikaingia. Mguu ukakataa.
Tukamgeuza. Mguu ukabaki nje,
unalinyooshea kidole duka la dawa.
"Laza kiti," nikasema. "Kikunje, mguu upite hadi kwenye buti."
Mihayo akabonyeza. Kiti kikapata joto.
Akabonyeza tena. Kikaanza kumkanda baba mgongo.
Pazia likapanda dirishani.
Taa ya zambarau ikawaka miguuni.
Akatoa kitabu cha gari, kinene kuliko faili la baba,
akakunja uso, akafunua, akafunua.

Kapela, aliyekuwa akishusha mkaa jikoni,
akaja anajifuta mikono.
"Bosi, usijisumbue. Haya ya wakubwa hayakunjiki.
Nyuma ya hicho kiti kuna ukuta wa chuma,
mkubwa asisikie mzigo wake ukigonga."

Ukuta kweli ulikuwepo. Niliupiga konzi: ngo.
Ila katikati, nyuma ya egemeo la mkono,
palikuwa na kijidirisha, upana wa kiganja.
Magongo ya baba yakapita hapo.
La kwanza. La pili. Basi.

Kapela akavuta kitu upande huu, akavuta upande ule,
pu, pu, viti vya Probox vikapiga magoti,
gari zima likawa sakafu.
Akakung'uta vumbi la mkaa, akatandika gunia,
mimi juu yake mkeka wangu,
baba akateleza ndani kama mkate kwenye tanuri,
na nafasi ikabaki ya sufuria na ndoo.

Hadi hapo alikuwa kimya, jasho juu ya mdomo.
Akasema: "Mihayo, wewe nilikuwahi ungali mbichi.
Hili lako lilishakauka dukani."
Akacheka, akaumia, akacheka.

Mimi sikumcheka kaka. Naliandika hili asije akadhani.
Bili yote kalipa yeye,
bati la Ilolangulu ni jasho lake,
na siku nyingine huketi nyuma ya gari lile, amekunja nne,
anasaini karatasi; nani amwekee mbao humo, au mbuzi?
Na nani angemuuliza siku ya kununua:
je, baba yako akivunjika?

Tukatoka, Probox mbele, mlango wa nyuma umefungwa kwa mpira.
Kwenye upenyo nikaliona jeusi linatufuata,
kaka kwenye usukani peke yake,
magongo mawili nyuma yake, kwenye ngozi, kama waheshimiwa.
Lami ilipoisha tukamtimulia vumbi.
Angeweza kutupita. Hakutupita.

Uani alivua koti,
akakunja mikono ya shati, mara tatu, hadi juu ya viwiko,
akapiga goti kwenye mchanga nyuma ya Probox
akaniuliza mimi, mdogo wake:
"Nishike wapi?"