Spliti na Brokeni

Kiwandani Newala, meza ya mwisho karibu na mlango,
mimi ndiye niandikaye lebo.
Korosho iliyoachana kwenye mshono wake wa kuzaliwa,
nusu mbili laini, hiyo spliti.
Iliyovunjwa popote pale, kingo za meno-meno: brokeni.
Shangazi Asumini husema zote zimepasuka,
tia kikapuni, mwanangu, ukungu unashuka.
Lakini mnunuzi halipi bei moja kwa maneno mawili.

Leo wameleta fomu za bima,
kwa Kiingereza,
na kalamu moja kwa watu kumi na wanne.
Hali ya ndoa: visanduku vitano.
Kimoja maana yake tumetengana,
cha jirani yake, tumeachana.
Naijua tofauti. Ndiyo kazi yangu, tofauti.

Likwenya alivuka Ruvuma kufuata pikipiki za bei nafuu
msimu wa juzi. Talaka hakuandika.
Mara moja alituma elfu ishirini,
bila neno.

Nani alishika nyundo, sikumbuki.
Nikiupapasa mwaka ule kwa kidole gumba
mahali pengine ni laini kabisa, kama tulizaliwa na mshono,
mahali pengine panachoma.

"Somoe, wenzio tunangoja kalamu!"

Nikajaza tarehe. Nikajaza jina la mama,
kijiji, namba ya simu.
Visanduku nimeviacha vyote vitano
vyeupe, kama ile nzima ya daraja la kwanza
ambayo sisi huku hatuli.