Hatua ya Arobaini na Moja

Saa saba ya usiku, Tartu, mwezi wa pili.
Mto Emajõgi umelala chini ya barafu yake
na Leelo Kuusmaa hana usingizi hata wa kuazima.
Anakata kipande cha mkate mweusi, anakiweka kando,
anaandika mstari mmoja:
endesha, kisha jina la mpango, kisha njia ya data.
Anabonyeza. Kishale kinapepesa.

Hapa hakuna picha, hakuna kitufe cha kijani,
hakuna kiduara cha kuzunguka na kukubembeleza.
Kiza na maandishi.
Unasema, injini inafanya.
Unakosea, inafanya vilevile.

Mpango aliutunga tangu kiangazi:
hatua hamsini na nane, kila moja ikijua
inamngoja nani na nani anaingoja.
Mchele hauingii chunguni kabla ya kuchaguliwa mawe,
lakini aliye kwenye vitunguu
hana haja ya kumsubiri aliye kwenye nazi.

Sampuli mia mbili na kumi na mbili za rai,
punje zilizochokolewa kwenye nyufa za maghala makuukuu
na Endel Rohtla, tarishi mstaafu,
miaka tisa juu ya baiskeli,
kila punje na bahasha yake,
kila bahasha na jina la kijiji kwa penseli.

Hatua ya kwanza, imekwisha.
Ya pili, imekwisha.
Ya kumi na saba wanakimbia sitini kwa mpigo,
na mahali fulani, chini ya jengo jingine,
feni za seva zinavuma kama watu wanaopuliza chai.

Saa tisa na dakika nne: nyekundu.
Ya arobaini na moja, imeshindwa.
Na injini, kwa adabu yake isiyo na huruma,
inamtolea njia ya saraka ndani ya saraka
ndani ya saraka, herufi na tarakimu tupu:
ukitaka kujua, ingia.
Mtaka cha mvunguni.
Akainama.

Faili la makosa lina mistari mia tisa.
Mia nane tisini na tisa ni kelele.
Mmoja unasema: sikuliona faili la M?niste.

M, alama ya kuuliza, niste.

Mõniste. Ile o yenye wimbi kichwani,
sauti ya mtu anayeinua gunia.
Hati ya hatua ile, aliyoinakili kwa mtu asiyemjua,
haijapata kukutana na wimbi.

(Nasi tusicheke. Andika ng'ombe kwenye mstari wa amri
uone: ritifaa ile itafungua mlango
na kompyuta itakaa kimya ikingoja uufunge
mpaka ng'ombe azeeke.)

Dawa nyepesi ipo, Taavet angemwambia:
badili jina, weka o ya kawaida, sekunde tatu.
Vidole vyake vimekwisha andika nusu ya amri.

Anaikumbuka bahasha.
Mkono wa Endel ulikuwa umeanza kutetemeka,
na lile wimbi amelikoleza mara mbili
asije mtu akaliruka.

Anaifuta nusu ile, herufi kwa herufi.
Anaifungua hati, mstari wa thelathini na tatu,
anaifundisha kusoma.
Saa kumi na moja kasorobo. Mkate umekauka kingo.

Anaurudia mstari wake wa kwanza
na mwishoni anaongeza neno moja: endelea.

Hapo ndipo nami, nisiyependa mashine, naipenda hii.
Haisemi tuanze upya.
Inapita hatua arobaini
kama mama anayehesabu watoto waliolala:
yupo, yupo, yupo,
hamwamshi hata mmoja.

Arobaini na moja.
Nje gari linakwangua theluji barabarani.
Leelo anatafuna, haitazami skrini.
Mõniste, imekwisha.
Ya arobaini na mbili. Ya tatu.
Ya nne inakata roho: diski imejaa.

Anacheka peke yake, makombo kidevuni.
Hilo si jina la mtu.
Anaanza kufuta.