Kisogo cha Gari

Novemba, Mondonyedo, mvua ya siku ya tisa,
na mfukoni nina pesa ya matairi mawili.
Si manne. Mawili.
Eladio akalipandisha gari la mikate kwa jeki,
akapitisha kidole gumba juu ya kila tairi
kama mama apapasaye homa.
Ya mbele vipara vitupu.
Ya nyuma yamebakiza kashata nusu.

"Mapya yafunge mbele," nikamwambia.
"Injini iko mbele, usukani uko mbele,
breki hushika zaidi mbele,
na mimi mwenyewe, Eladio, nimekaa mbele."

Hakujibu. Akaviringisha lile la kwanza,
bado lina vinywele vya mpira, linanuka duka,
akanipita nalo
mpaka nyuma.

"Sabela," akasema, spana ikilia,
"ya mbele yakiteleza, utajua.
Usukani unakuwa mwepesi kama uongo;
unalegeza mguu, unangoja,
gari linaikumbuka njia.
Ya nyuma yakiteleza, hayatumi barua.
Unashtukia mkia umekupita,
na kwenye kioo cha mbele
unapaona ulikotoka."

Ukutani paling'inia kibao cha namba, kimepinda.
Miaka yote nilidhani ni pambo.
"Gari la dada yangu Otilia," akasema.
"Aliyataka mapya mbele. Nikayafunga mbele.
Nilikuwa kijana, na mteja ni mfalme."
Akafuta mikono, kidole baada ya kidole.
"Yu hai. Anatembea. Usukani haugusi."

Sikuwa na neno tena.
Yale ya nusu yakahamia mbele,
mapya yakakaa kule nisikokuona:
kisogo hakina macho,
basi kipewe viatu.

Alfajiri, mikate mia mbili mgongoni mwangu,
bado inapumua,
nilishuka kona ya daraja kwa mwendo
nisioutaja nyumbani.
Barabara ilikuwa mto.
Usukani ukawa mwepesi.
Kama uongo, nikakumbuka.
Nikalegeza mguu. Nikangoja.
Trei zikalia, mkate mmoja ukaruka,
pua ya gari ikachungulia mtaro,
lakini nyuma
palikaa kitako kama figa.
Kisha njia ikarudi chini yangu.

Sikusimama. Watu hula saa moja.
Ila nilipopita gereji, bado imefungwa,
nilimtundikia mkate kwenye kitasa:
ule ulioanguka,
ulioungua kidogo kisogoni.